Mjomba amenipa Rigby .416: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Moshi. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana miaka 79 na ameamua kunikabidhi bunduki yake. Ni John Rigby ya kaliba .416, iliyotengenezwa London kwa agizo, na yeye aliipata kwa baba yake. Imo ndani ya kasha la ngozi pamoja na risasi 43 za Kynoch. Leseni ina jina la mjomba. Kuna fundi mjini amesema ataing'arisha chuma, ataivika mti mpya wa mninga na kuitoboa ili ikae darubini. Nimkubalie? Risasi zile bado zinapigika? Na je, niichukue sasa au nisubiri?

Jibu: Marahaba. Nianze na majibu mafupi, kwa sababu mawili kati yake hayangoji. Usiichukue leo. Risasi za Kynoch, kiwanda cha zamani cha Uingereza, usizipige hata moja. Na fundi huyo mshukuru kwa ukarimu wake, lakini asiiguse. Sababu zinafuata, na nitazieleza kwa mpangilio ambao ningependa uufuate wewe mwenyewe, maana wengi wanaopewa bunduki ya namna hii huanza na mafuta na msasa wakati karatasi bado hazijakaa sawa.

Karatasi

Mjomba amekupa kwa moyo, lakini mbele ya sheria bunduki hiyo bado ni yake. Tanzania inafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya silaha hutolewa kwa mtu, haitembei na bunduki. Hairithiwi kama shamba, wala haitolewi zawadi kama ng'ombe. Siku ukiiweka kwenye gari lako na kuelekea Moshi bila kibali chenye jina lako, wewe umekamatika na silaha isiyo yako, na mjomba naye ameachia silaha yake mikononi mwa mtu asiye na leseni. Nia njema haitawasaidia barabarani.

Nendeni wote wawili kituo cha polisi cha wilaya anakoishi mjomba, bila bunduki. Chukueni leseni yake, vitambulisho vyenu vya taifa, na barua ya mjomba inayoeleza kuwa anataka kukuhamishia umiliki, iliyosainiwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Maombi yako mwenyewe yataanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji unakoishi na kupanda ngazi za wilaya na mkoa hadi juu. Utaulizwa mwenendo wako, sababu ya kumiliki, uwezo wako wa kuitumia silaha, na mahali utakapoihifadhi. Nunua kabati la chuma na ulifunge kwa bolti ukutani kabla hujaulizwa. Muda wote huo bunduki ikae kwa mjomba. Asipotaka tena kukaa nayo, aikabidhi polisi ihifadhiwe kwenye ghala lao la silaha na apewe hati ya makabidhiano.

Fanyeni haya mjomba akiwa hai na mwenye afya. Akishafariki, bunduki inapaswa kukabidhiwa polisi, jambo linaingia kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi atalazimika kulifuatilia pamoja na mashamba na nyumba. Bunduki inayosubiri hukumu ya mirathi kwenye ghala lisilo na kipimajoto wala mafuta inaweza kuharibika kwa msimu mmoja wa masika.

Jambo moja dogo huwakwamisha watu: namba. Soma namba iliyochongwa kwenye chuma na uilinganishe herufi kwa herufi na iliyoandikwa kwenye leseni. Linganisha pia jina la mtengenezaji. Rigby nyingi zilijengwa juu ya chuma cha Mauser cha Ujerumani, kwa hiyo karani wa zamani aliyeona neno Mauser anaweza kuwa ameandika "Mauser" na kuliacha jina la Rigby. Na .416 inaweza kuwa imeandikwa .404. Kosa kama hilo lirekebishwe likiwa bado chini ya jina la mjomba. Ukilirithi, ni wewe utakayeulizwa ile bunduki nyingine iko wapi.

Risasi 43 nazo zinahesabika. Zitajwe kwenye makabidhiano.

Kujua ulichopewa

Kaliba ya .416 Rigby ilitolewa mwaka 1911. Kichwa chake kina greni 410, yaani kama gramu 26.6, na kilisukumwa na greni 71 za kordaiti, baruti ile ya Kiingereza inayofanana na tambi. Iliundwa kwa ajili ya nyati, tembo na simba, na ilihitaji risiva ya Mauser iliyo ndefu kuliko ile ya jeshi. (Risiva ni kile chuma kinachoshika mtutu, ambamo hupita bolti, yaani komeo la mkono linaloingiza risasi na kufunga nyuma yake.) Risiva hizo ndefu zilitoka Oberndorf, Ujerumani, na hazikuwa nyingi hata siku zile. Hapo ndipo uhaba wake unapoanzia.

Lakini usikimbilie kusema ya kwako si halisi kwa kuwa ina risiva fupi. Harry Selby, mwindaji wa Kenya, alinunua Rigby .416 Nairobi mwaka 1949 baada ya bunduki yake ya mitutu miwili kukanyagwa na gari, na ile .416 yake ilijengwa juu ya risiva ya kawaida ya Mauser. Akaitumia miongo kadhaa. Baada ya Vita vya Pili risiva ndefu za Oberndorf hazikupatikana, hivyo mafundi wa London walitumia walichopata, ikiwemo Brevex ya Ufaransa. Ukiona ukingo wa kushoto wa risiva umekatwa kijipengo cha kupitisha dole gumba, hiyo ni dalili ya chuma cha jeshi. Peke yake haitoshi kuikana bunduki.

Zinazoamua ni alama zote zikisomwa pamoja. Juu ya mtutu kuna jina na anwani. Anwani ya 72 St James's Street ni ya zamani zaidi, kisha Rigby wakahamia Sackville Street, na baadaye Pall Mall. Hiyo peke yake inakupa kipindi. Chini yake au ubavuni, karibu na mti, tafuta mihuri ya majaribio: London hupiga herufi GP zilizosukwa pamoja chini ya taji, na NP kwa baruti isiyo na moshi. Bunduki zilizojaribiwa kabla ya 1954 mara nyingi huandikwa uzito wa juu kabisa wa kordaiti na wa kichwa. Za baada ya hapo huandikwa shinikizo kwa tani kwa kila inchi ya mraba. Iga mihuri hiyo kwa kupiga picha chini ya mwanga wa pembeni, wa tochi iliyolazwa, siyo mwanga wa mbele. Usipake chokaa wala chaki ya mafuta ili isomeke.

Halafu namba ya bolti. Inapaswa kulingana na namba ya risiva. Ikiwa tofauti, bolti hiyo ilitoka kwenye bunduki nyingine, na suala hapo linakuwa la usalama kuliko thamani. Nitalirudia hapa chini.

Tazama upande wa chini wa kitako. Pengine kuna kibati kidogo cha umbo la yai, cha dhahabu au fedha, chenye herufi za jina la mwenyewe wa kwanza. Bunduki ya agizo ni kama suti ya kupimiwa: fundi alimpima mtu urefu wa mkono, upana wa kifua na shingo, akachonga mti umfae yeye. Herufi hizo, hata kama si za ukoo wenu, zisifutwe. Watu hufuta ili waandike zao, na kwa kufanya hivyo wanafuta kiungo pekee kati ya chuma na daftari la mtengenezaji.

Daftari hilo lipo. Kampuni ya Rigby ilihama na kubadilisha wamiliki, ikawahi hata kuhamia California mwaka 1997, lakini imesharudi London na kumbukumbu zake za mauzo zimetunzwa. Waandikie ukiwatajia namba na kuambatanisha picha, na kwa ada watakupa hati inayoeleza bunduki ilikamilika lini, kwa kaliba gani, na iliuzwa kwa nani. Ukipata jina la mtu au duka la Afrika Mashariki, umeshapata nusu ya historia. Kaliba iliyoandikwa kwenye hati ikitofautiana na iliyoko kwenye mtutu, hilo nalo ni jibu muhimu: viwanda vya Kynoch vilipoacha kutengeneza risasi hizi kubwa, wenye bunduki wengine waliona njaa ya risasi ikiwabana na wakabadilisha mitutu au chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ili watumie risasi zilizokuwa madukani.

Kuiangalia bila kuiumiza

Mjomba awepo, maana ndiye mwenye leseni. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, fungua bolti, ingiza kidole kwenye chemba na kwenye magazini. Usiamini macho peke yake, hasa kwenye chuma cheusi. Kisha vuta kile kidude cha kuzuia bolti kilicho nyuma kushoto kwa risiva, na uitoe bolti yote. Bolti ikiwa mezani na risasi ziko chumba kingine, hapo unaweza kutazama kwa utulivu.

Sefti ya Mauser ina hatua 3 ukiwa umeishika bunduki: bawa likilala kushoto inafyatuka, likisimama wima bolti inafunguka lakini haifyatuki, likilala kulia vyote vimefungwa. Kama bawa hilo limekatwa au limebadilishwa, ujue mtu aliwahi kufunga darubini, na ulizie matundu.

Angalia skrubu za chini, zile za kulindia kifyatulio. Kwenye kazi nzuri ya Kiingereza mikato ya vichwa vyake yote huelekea upande mmoja, sambamba na mtutu. Mikato iliyoliwa pembeni inakuambia kuna aliyefungua kwa bisibisi ya kawaida ya fundi umeme. Ukitaka kuzifungua, bisibisi lazima ijaze mkato wote kwa upana na kwa unene, kingo zake ziwe sambamba na si za kabari. Kama huna ya hivyo, acha. Nasisitiza: acha. Karibu uharibifu wote unaofanywa na wenye nia njema huanzia kwenye skrubu hizo.

Mti ndio sehemu inayozungumza zaidi. Bunduki ya .416 hupiga teke takribani mara 3 ya .30-06, kaliba ya kawaida ya kuwindia, na teke hilo lote linapokelewa na kipande kidogo cha chuma chini ya risiva kinachogonga ukuta wa mti. Ukuta huo ukilainika, risiva inarudi nyuma nukta moja moja kila risasi inapolia, hadi mkia wake wa nyuma unagusa mti na kuupasua kama kabari kwenye gogo. Kwa hiyo tafuta ufa mwembamba nyuma tu ya mkia wa risiva, kwenye kishikio. Mwagia tone la petroli nyeupe, ile ya kiberiti: ikikauka juu na kubaki mstari uliolowa, huo ni ufa hata kama ulikuwa huuoni. Panatakiwa pawe na mwanya kati ya mkia na mti, kama unene wa kadi ya simu. Pakiwa hapana mwanya, isipigwe mpaka fundi aurudishe.

Kinacholainisha ukuta huo, mara nyingi, ni mafuta. Bunduki iliyosimamishwa mdomo juu kwenye pembe ya kabati kwa miaka 40 na kupakwa mafuta kila Krismasi humwaga mafuta hayo yote polepole kwenye kichwa cha mti. Mti wa jozi ukishanywa mafuta huwa mweusi na laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Fundi anayejua anaweza kuyavuta kwa vumbi la chokaa nyeupe na joto la taratibu, kazi ya wiki kadhaa, kisha akaunganisha ufa kwa gundi ya epoksi kutoka ndani, ambako hakuonekani.

Ndani ya mtutu, chungulia kuanzia upande wa chemba ukielekeza karatasi nyeupe mbele ya mdomo. Utaona moja ya mambo matatu. Mistari ya fedha karibu na mdomo ni masalia ya shaba-nikeli iliyofunika vichwa vya zamani, na hayo husafishika. Vishimo vidogo vilivyosambaa kama ngozi iliyougua ndui ni kutu ya zamani. Haviondoki, lakini mtutu wenye vishimo vidogo bado unaweza kupiga vizuri ajabu. Pete nyeusi inayozunguka mahali pamoja ni habari mbaya: mtutu umevimba, kuna aliyefyatua huku ndani mkiwa na kitu, labda matope au kitambaa.

Vishimo vina chanzo chake. Fataki za risasi za Kynoch za zamani, yaani vile vidude vya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, ndugu wa chumvi ya mezani. Chumvi huvuta unyevu, unyevu huzaa kutu. Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi hata kidogo, yanaifunika tu; maji ya moto ndiyo yanayoiyeyusha. Waliojua walimwaga lita nzima ya maji ya kuchemka kupitia chemba jioni ileile ya mawindo, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Wengine walipaka mafuta tu na kwenda kulala. Zingatia pia kwamba serikali ilifunga uwindaji Septemba 1973 na haukurejea hadi 1978. Bunduki nyingi nchini ziliingizwa kabatini wakati huo zikiwa na masalia ya risasi za mwisho ndani yake, na hakuna aliyezifungua kwa miaka 5.

Kama mtutu wako haujawahi kuoshwa kwa maji tangu zama hizo, uoshwe sasa: mti ukiwa umetolewa na fundi au umefunikwa vizuri, maji ya moto, vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke hakina alama, kisha dawa ya kutoa shaba, kisha mafuta membamba. Fimbo ya kusafishia iwe ya kipande kimoja, iingie kutokea chemba. Fimbo za chuma za kuungaunga zikiingia kwa mdomo hula ukingo wa mwisho wa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, na usahihi wa bunduki uko pale.

Risasi

Zile 43 zimepita nusu karne. Hatari yake ya kwanza ni kuchelewa kulipuka: unafyatua, unasikia "ta", unaamini imekufa, unafungua bolti, inalipuka ikiwa nje ya chemba mbele ya uso wako. Shaba ya maganda nayo huzeeka na kupasuka shingoni. Na kila moja itakayolia itaacha chumvi ile niliyoitaja. Masanduku yake, hata hivyo, yana thamani kwa wakusanyaji. Yaache kama yalivyo, na karatasi zake. Risasi zilizooza, zenye ukungu wa kijani au zinazotoa harufu kali ya kemikali, mkabidhi polisi.

Ukitaka kuipiga, nunua mpya. Muhuri wa nyuma ya ganda usomeke .416 RIGBY, neno kwa neno. Kuna .416 Remington Magnum, kuna .416 Ruger, kuna .416 Weatherby. Vichwa vyao vina kipenyo kilekile, maganda si yale. Ganda la Remington ni jembamba kuliko chemba ya Rigby na hupigwa kwa shinikizo kubwa zaidi. Ukilifyatua humo linapasuka na gesi inarudi kwako. Muuzaji wa duka anaweza kukuambia "416 ni 416". Usimsikilize.

Kiwango cha Ulaya cha .416 Rigby ni bari 3,250 tu, wakati Remington inafika bari 4,300. Rigby alikusudia hivyo: ganda kubwa, shinikizo la chini, ili kwenye joto la Afrika bolti ifunguke bila kukwama. Kwa sababu hiyo achana na risasi za kujaziwa nyumbani ambazo mtu anajisifu zimezidi za kiwandani. Tafuta vichwa vya greni 400 au 410 kwa kasi ya kawaida, mita 700 na kidogo kwa sekunde. Vilengeo vya nyuma, vile vibao vinavyokunjwa, vilipangwa na fundi kwa mzigo huo, na umbali wake ni yadi: 100 ni mita 91.

Kabla ya risasi ya kwanza, fundi silaha mwenye leseni apime nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda kwa vipimo vya chuma vya kaliba hiyo, viwili: kimoja bolti ifunge, kingine ikatae kufunga. Kama namba ya bolti hailingani, kipimo hiki hakina mjadala. Aimimine chemba pia kwa ile aloi inayoyeyuka kwa joto dogo, ili apate umbo lake kamili na ahakikishe hakuna aliyeichimba upya.

Siku ya majaribio, risasi moja moja, na kila moja ianzie kwenye magazini. Hili wengi hawalijui. Kucha ya Mauser inayoshika ganda imeundwa ganda lipande kutoka chini na kujitia kwenye kucha. Ukidumbukiza risasi moja kwa moja kwenye chemba na kufunga kwa nguvu, unailazimisha kucha kuruka juu ya ukingo wa ganda. Leo itaruka. Siku moja itavunjika, na kucha ya kuchongwa kwa ajili ya bunduki yako haiuzwi dukani.

Kagua kila ganda linalotoka. Pete inayong'aa kidogo juu ya kitako, fataki iliyobapa, au bolti nzito kufunguka: simama hapohapo. Ikifyatuliwa isilie, iendelee kuelekea shabaha dakika 1 kamili kabla hujafungua.

Fundi na mninga wake

Mninga ni mti wa heshima, na milango ya nyumba nyingi nzuri Tanzania ni shahidi. Lakini mti wa jozi ulio kwenye bunduki yako ulikatwa, ukakaushwa miaka, ukachongwa kwa mkono hadi chuma kikalala ndani yake bila mwanya wa unywele. Kuuondoa ni kuondoa nusu ya kazi iliyoifanya bunduki kuwa ya agizo. Kama kitako ni kirefu au kifupi kwako, usikate. Urefu wa kawaida kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako ni kama sentimita 36. Kikipungua, kuna soksi za ngozi za kufunga kwa kamba, hutolewa zisiache alama. Tazama pia kama kitako kimepindia kulia kidogo. Ndivyo wanavyochongewa wanaotumia mkono wa kulia. Wewe ukiwa wa kushoto, hutakuwa na raha nayo kamwe, na ni bora ujue mapema.

Kung'arisha ni kubaya zaidi. Gurudumu la kung'arishia hulainisha kona, hufuta pembe za herufi, hula mihuri. Rangi ile ya buluu-nyeusi ilipatikana kwa kutuisha chuma na kukisugua tena na tena kwa siku nyingi. Ya kuchovya kwenye dawa ya dakika 20 haifanani nayo, na mnunuzi makini ataiona akiwa upande wa pili wa meza. Rangi iliyochakaa mahali mkono wa babu ulipokuwa ukibeba ni sehemu ya bunduki. Kutu ya juu juu itolewe kwa sufi laini ya chuma iliyolowa mafuta, kwa vidole, taratibu.

Matundu ya darubini hayarudi nyuma. Basi.

Kuhifadhi

Kasha la ngozi litunzwe, hasa lebo iliyo ndani ya kifuniko, lakini bunduki isilale humo. Ngozi ina asidi ya kuitengenezea na hunyonya unyevu, na mahali chuma kinapogusana nayo ndipo kutu inapoanzia. Kwenye kabati isimame mdomo chini, juu ya kipande cha sponji, ili mafuta yashuke kuelekea mdomo na si kwenye mti. Weka gramu 500 za chembe za silika, na zikibadilika rangi zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa 2 au 3. Kwa hali ya hewa ya mji wa Moshi, inatosha kuifuta kila mwezi. Ungekuwa Tanga au Unguja ningesema kila wiki mbili, na kila inaporudi kutoka nje siku hiyohiyo. Usipake mafuta ya taa, mafuta machafu ya injini, wala ya nazi. Mti unahitaji matone 3 ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yasuguliwe kwa kiganja hadi yapate joto, mara moja au mbili kwa mwaka. Vanishi kamwe.

Bolti na risasi zifungwe kando. Pini ya kufyatulia isikae imekokiwa: bunduki ikiwa tupu na umethibitisha, bana kifyatulio huku unafunga bolti polepole, springi italegea.

Kuhusu mawindo, leseni ya silaha haikupi ruhusa ya kuwinda. Hiyo ni karatasi nyingine, ya mamlaka ya wanyamapori, kwa mnyama, eneo na msimu uliotajwa. Na kama una ndugu Taveta wanaotaka kuiona, waje wao Moshi. Kuvusha mpaka kunadai vibali vya nchi zote mbili, na Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977. Ukija kufikiria kuiuza Uingereza, chunguza kwanza kilengeo cha mbele: nyingine zina punje ndogo nyeupe ya kulengea usiku. Ikiwa ni pembe ya ndovu, punje hiyo isiyozidi mtama inaweza kuizuia bunduki nzima, kwa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 kuhusu pembe.

Wakati maombi yanapanda ngazi, una kazi moja ambayo haihitaji kibali. Kaa na mjomba, washa kinasa sauti cha simu, muulize baba yake aliipata kwa nani na mwaka gani, alikuwa akitumia kitalu gani, nani alimrekebishia nini, ufa, kama upo, ulitokea siku gani. Omba leseni za zamani, vibali vya mawindo, risiti, hata bahasha. Picha ambayo bunduki inaonekana, andika nyuma yake kwa penseli majina ya waliosimama, mahali, na namba ya bunduki, kisha uifunge kwenye bahasha isiyo na plastiki na kuiweka kabati lingine, si lile la silaha.